Washirazi: Jina la Uajemi Lililogeuka Jina la Wenyeji

Washirazi ni jina ambalo sehemu kubwa ya wenyeji wa Unguja, Tumbatu na Pemba, pamoja na koo kadhaa za Kilwa, Mafia, Mombasa na Komoro, wamejiita kwa vizazi vingi. Asili ya jina ni Shiraz, mji ulio kusini-magharibi mwa Iran katika jimbo la Fars. Watu hao huzungumza lugha ya Kibantu, ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na makaburi ya mababu zao yako katika ardhi ya Afrika. Hata hivyo, mapokeo yao yanasema kwamba mwanzo wao ni wana wa mfalme wa Uajemi waliovuka bahari kwa majahazi saba. Ili kuelewa kwa nini dai hilo lilikuwa na nguvu kiasi hicho, hadi likaingia katika jina la chama kilichoshika dola baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, inafaa kwanza kutazama jinsi wafalme wa Uajemi ya kale walivyotumia nasaba kulijenga taifa.

Dola ya kwanza kubwa ya Waajemi iliasisiwa katikati ya karne ya 6 KK na Koreshi wa Pili. Wasomaji wa Biblia wanamfahamu kutoka kitabu cha Ezra, kwa kuwa ndiye aliyewaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu baada ya yeye kuiteka Babeli mwaka 539 KK. Katika maandishi ya udongo aliyoyaacha Babeli, Koreshi alijitambulisha kama mfalme wa Anshani, mwana na mjukuu wa wafalme wa Anshani. Kwake yeye, heshima ilikuwa katika jina la mji wa baba zake.

Mambo yalibadilika alipotawala Dario wa Kwanza, aliyetwaa kiti mwaka 522 KK baada ya kumuua mtu aliyemwita mlaghai. Uasi ulizuka karibu kila upande wa dola, na Dario akahitaji kueleza kwa nini yeye ndiye mfalme halali. Maelezo yake yalichongwa juu kabisa katika jabali la Bisitun, magharibi mwa Iran, kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielami na Kibabeli. Humo Dario anadai kuwa watu wanane wa ukoo wake walikuwa wafalme kabla yake, na kwamba yeye na Koreshi wanakutana kwa babu mmoja aitwaye Akemene. Maandishi ya Koreshi mwenyewe kutoka Babeli hayamtaji babu huyo hata mara moja. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Dario ndiye aliyeziunganisha nasaba mbili ili utawala wake uonekane ni urithi, na ushahidi unaelekea upande wao.

Kaburi la Dario liko Naqsh-e Rostam, karibu na magofu ya Persepolis. Maandishi yaliyochongwa hapo yanamtaja kwa ngazi zinazopanuka: yeye ni wa ukoo wa Akemene, kisha ni Mwajemi mwana wa Mwajemi, kisha ni Mwarya wa kizazi cha Kiarya. Yaani ukoo uko ndani ya taifa, na taifa liko ndani ya jamii kubwa zaidi ya watu wenye asili moja. Juu ya yote hayo yuko mungu Ahura Mazda, anayetajwa kuwa ndiye aliyempa Dario ufalme. Ni mojawapo ya maelezo ya kale kabisa yaliyobaki duniani ya mtawala anayejieleza kwa taifa lake, na hakuishia kwenye jina la mji wala la miungu ya mji.

Wazo hilo halikuwalazimisha watu wote wa dola kuwa Waajemi. Katika ngazi za jumba la Apadana huko Persepolis zimechongwa safu za wajumbe kutoka nchi 23, kila kundi na mavazi yake, nywele zake na zawadi zake. Miongoni mwao wamo watu wa Kushi, kusini mwa Misri, wamebeba pembe ya ndovu. Afrika ilikuwamo katika picha ya dola hiyo tangu mwanzo, lakini kama nchi inayoleta kodi. Mwajemi alikuwa mwenye dola, na wengine walibaki na majina yao chini ya mfalme mmoja.

Si kila jamii ilihitaji mfalme ili ijitambue. Wanyaturu wa Singida, kwa mfano, hawakuwa na mfalme mmoja kabla ya Wajerumani kufika. Ukoo, lugha, ardhi na mifugo vilitosha kumwonyesha mtu ni nani na wenzake ni akina nani. Mapokeo ya Uajemi yalikwenda njia nyingine. Huko utambulisho ulishikwa na kiti cha enzi, na kila aliyekikalia alilazimika kuonyesha kwamba damu yake inarudi kwa waliokikalia zamani.

Aleksanda wa Makedonia aliichoma Persepolis mwaka 330 KK, na kwa miaka zaidi ya 500 Fars haikutoa tena mfalme wa wafalme. Kisha mwaka 224 BK Ardashir, mtawala mdogo wa Fars, alimshinda mfalme wa Waparthi na kuanzisha ukoo wa Wasasani. Yeye na mwanawe Shapuri wa Kwanza waliipa dola jina lililodumu: Eran, nchi ya Waarya, ambalo leo ni Iran. Shapuri akaongeza kwenye cheo chake kwamba yeye ni mfalme wa wafalme wa Eran na wa nchi zisizo Eran. Mpaka kati ya watu wa taifa na wasio wa taifa ukawekwa ndani ya cheo cha mfalme mwenyewe. Nasaba nayo ikashonwa upya. Kumbukumbu ya Koreshi na Dario ilikuwa imefifia, kwa hiyo baadhi ya wafalme wa Kisasani walijiunganisha na Wakayani, wafalme wa masimulizi ya dini ya Zarathustra. Iliaminika kwamba mfalme halali huzungukwa na nuru ya pekee kutoka kwa Mungu, na kwamba akidhulumu nuru hiyo humtoka.

Dola ya Wasasani ilianguka mbele ya majeshi ya Kiislamu, na mfalme wake wa mwisho, Yazdegerd wa Tatu, akauawa mwaka 651. Lakini kilichofuata kinaonyesha jinsi wazo lile lilivyokuwa na mizizi. Waajemi walisilimu, wakaandika kwa herufi za Kiarabu, na bado wakaendelea kuwakumbuka wafalme wao wa kale. Mshairi Ferdowsi alikamilisha Shahnameh, kitabu chake kikubwa cha wafalme, mnamo mwaka 1010. Na kabla ya hapo, katika karne ya 10, mji wa Shiraz ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Buya, askari kutoka milima ya Dailam karibu na Bahari ya Kaspi.

Ukoo huu unastahili kutazamwa kwa makini, maana ndio uliotawala Shiraz katika enzi ambayo wengi hudhani ndiyo waliyohama mababu wa Washirazi. Wabuya hawakuwa na damu ya kifalme. Baada ya kuitwaa Shiraz mwaka 934, walianza kudai kwamba wametokana na Bahram Guri, mfalme wa Kisasani. Mkubwa wao, Adud al-Dawla, aliyefariki mwaka 983, alizuru magofu ya Persepolis, akaacha maandishi yake ukutani, na akatumia cheo cha kale cha Shahanshah, mfalme wa wafalme, japokuwa alikuwa Mwislamu. Mwanazuoni al-Biruni, aliyeandika mnamo mwaka 1000, aliichambua nasaba hiyo na kuikataa waziwazi. Ukosoaji wake haukubadilisha kitu. Katika Shiraz ya wakati huo mtawala asiye na babu wa kifalme alimtafuta, na watu walilitarajia hilo.

Bandari ya Fars wakati huo ilikuwa Siraf, kwenye Ghuba. Mabaharia wake walifika China, India na nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Mwanajiografia al-Istakhri, mtu wa Fars mwenyewe, anaeleza kwamba nyumba za ghorofa za Siraf zilijengwa kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji na kwingineko. Msafiri al-Masudi alifika kisiwa cha Kanbalu mnamo mwaka 916, kisiwa ambacho wengi wanadhani ni Pemba, akakuta humo Waislamu wakiishi pamoja na watu wasio Waislamu na wakizungumza lugha ya Zanji. Mnamo mwaka 977 tetemeko kubwa la ardhi liliiharibu Siraf, na biashara yake ikaanza kuhamia bandari nyingine. Vipande vya mitungi yenye rangi ya samawati kutoka Ghuba vimechimbuliwa Unguja Ukuu, Manda, Shanga, Kilwa na kwingineko. Kwa hiyo njia ya kupitia kati ya Fars na mwambao ilikuwapo, ilijulikana, na ilitumiwa na watu wenye majina.

Simulizi lenyewe la kuhama limehifadhiwa vizuri zaidi Kilwa. Kuna matoleo mawili ya kale. Moja lilichapishwa mwaka 1552 na mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyetumia habari zilizopatikana Kilwa baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505. La pili ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, ambacho nakala yake ilitoka Zanzibar katika karne ya 19 na sasa iko London.

Toleo la Kiarabu linasema kwamba sultani wa Shiraz aliota ndoto ya panya mwenye mdomo wa chuma akitoboa ukuta wa mji, akaifasiri kuwa nchi yake itaangamia. Akaondoka yeye na wanawe sita kwa majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Anjouan huko Komoro, na mengine penginepo. Toleo la Wareno halina ndoto. Ndani yake Ali ni mwana wa sultani aliyezaliwa na mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake sita waliozaliwa na mama wa Kiajemi wa daraja la juu walimdharau. Akaamua kutafuta nchi yake mwenyewe. Tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika toleo hili mwanzilishi wa Kilwa ana damu ya Afrika kabla hajaigusa Afrika.

Matoleo yote mawili yanakubaliana kwamba kisiwa hakikuwa kitupu. Palikuwa na wenyeji na mtawala wao, na Ali alikinunua kisiwa kwa nguo. Kitabu cha Kiarabu kinasema nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa chote. Masimulizi ya wazee wa Kilwa Kisiwani, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa mwaka 1907 na Mjerumani Carl Velten, yanamwita mtawala huyo Mrimba na kuongeza jambo ambalo vitabu vile viwili vinalipita: Mwajemi alimwoa binti wa Mrimba, na mtoto wao akapokea mamlaka kutoka kwa babu yake upande wa mama. Yaani heshima ya jina ilitoka kwa baba aliyekuja kwa bahari, na haki ya ardhi ilitoka kwa mama aliyekuwapo tangu awali. Hakuna sentensi katika mapokeo yote ya Kilwa inayoeleza Ushirazi vizuri kuliko hiyo.

Wataalamu wamebishana juu ya simulizi hili kwa zaidi ya miaka sitini. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliona kwamba watawala wa Kishirazi walikuja mnamo mwaka 1200, na kwamba hawakutoka moja kwa moja Uajemi bali walishuka kutoka pwani ya kaskazini, upande wa Somalia na Lamu, ambako jamaa zao walikuwa wameishi kwa vizazi. Baadaye James de Vere Allen na Thomas Spear walikwenda mbali zaidi. Kwao Ushirazi ulikuwa kwanza madai ya Waswahili wa miji ya kaskazini waliokuwa wakienea kusini na kuanzisha miji mipya. Kujiita Mshirazi ilikuwa njia ya kusema kwamba mtu ni Mwislamu wa zamani, wa mjini, mwenye haki ya kutawala.

Akiolojia iliwapa nguvu. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta mji uliokua hatua kwa hatua tangu karne ya 8, kutoka nyumba za miti na udongo hadi nyumba za mawe, bila dalili ya wageni kuja ghafla na kuanza upya. Msikiti wa kwanza ulikuwa mdogo, wa miti. Mtanzania Felix Chami, kutokana na kazi yake Rufiji na Mafia, ameonyesha pia kwamba makazi ya wakulima na wafua chuma yalikuwapo pwani karne nyingi kabla ya majahazi yoyote ya Shiraz. Kiswahili chenyewe ni shahidi, kwa sababu sarufi yake ni ya Kibantu kabisa, na maneno ya Kiajemi yaliyomo ni machache, mengi yakiwa ya bahari, biashara na utawala, kama nahodha, bandari na serikali.

Lakini ushahidi mwingine ulikuwa ukielekea upande wa wazee. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zilizofukiwa pamoja na sarafu chache za dhahabu za Misri ya Wafatimi. Nyingi zimeandikwa majina ya watawala wa huku huku, na miongoni mwao yumo Ali bin al-Hasan, jina la mwanzilishi katika kitabu cha Kilwa. Sarafu za dhahabu zinaonyesha kwamba hazina hiyo ilifukiwa katika karne ya 11. Tarehe ya Chittick ilikuwa imechelewa, na mtu wa hadithi akawa mtu aliyepiga sarafu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya herufi za Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, na mtindo wake unalinganishwa na kazi za Siraf.

Kisha mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya mwambao ikiwamo Kilwa, Songo Mnara, Lindi, Mtwapa, Manda na Faza. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Matokeo yake ni haya: kwa wengi wa watu hao wa pwani zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa mababu wa Kiafrika, na hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka Asia, na katika sehemu hiyo asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000. Kabla ya mwaka 1500 hivi asili ya upande wa Asia ya magharibi ilikuwa hasa ya Uajemi. Baada ya hapo ya Uarabuni ikazidi.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wengi wa waliopimwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye hadhi, kwa hiyo hawawezi kusemea kila mkulima na mvuvi wa mwambao. Hata hivyo, yanatosha kutupilia mbali maneno mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni lile la wakoloni, kwamba Waajemi walikuja kuwajengea Waafrika miji. Waafrika walikuwa na miji inayokua, na mama wa jamii hiyo walikuwa wao. La pili ni kwamba Washirazi walijitungia ubaba wa Kiajemi kwa kuona haya Uafrika wao. Ubaba huo ulikuwapo. Simulizi la Mrimba na binti yake lilikuwa limeyasema yote mawili zaidi ya miaka mia moja kabla ya maabara.

Pamoja na damu ulikuja pia utaratibu wa muda. Waajemi wa kale walihesabu mwaka wa jua wa siku 365, miezi 12 ya siku 30 na siku tano za nyongeza, na wakausherehekea mwaka mpya kwa sikukuu ya Nairuzi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walihitaji hesabu hiyo kwa sababu pepo za kaskazi na kusi hazifuati mwezi mwandamo. Waswahili waliichukua hesabu na jina, wakagawa siku zake kwa makumi, na kuitumia kwa safari na kwa kilimo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado husherehekea siku ya mwaka kwa Mwaka Kogwa kila mwezi Julai. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda huchomwa moto, na wanawake wakiwa katika mavazi yao bora huimba. Hesabu ya mwaka ni ya Uajemi; mengi yanayofanyika ni ya wenyeji.

Maana ya Ushirazi haikusimama mahali pamoja. Mwishoni mwa karne ya 13 Kilwa ilichukuliwa na ukoo wa Mahdali, uliodai usharifu kutoka Yemen. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 chini ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, alisifu mji na ukarimu wa mtawala, akaandika kwamba wakazi wake wengi ni watu weusi, na hakutaja Uajemi. Wakati huo nasaba ya Mtume ilikuwa na uzito kuliko ya wafalme wa Fars. Katika karne ya 19, baada ya Sultani Said wa Oman kuhamishia makao yake Unguja na mashamba ya karafuu kuenea, jina la Shirazi lilipata kazi nyingine. Wahadimu wa Unguja, Watumbatu na Wapemba walilitumia kusema kwamba walikuwa Waislamu na wenye nchi kabla ya Waomani kufika. Mtawala wa jadi wa Wahadimu, Mwinyi Mkuu, alikuwa na kasri Dunga, na wa mwisho alifariki mwaka 1873. Uajemi wenyewe ulikuwa karibu wakati huo kwa njia nyingine: Sultani Said alioa binti wa kifalme kutoka huko, na hamamu alizomjengea Kidichi mnamo mwaka 1850, zenye nakshi za ndege na maua, bado zimesimama.

Hapa ndipo jina lilipogeuka kabisa. Jina la mji wa mbali likawa jina la wenyeji. Mtu wa Makunduchi aliyejiita Mshirazi katika karne ya 20 hakuwa akidai kuwa Mwirani. Alikuwa akisema kwamba yeye si Mwarabu aliyekuja na sultani, wala si mtu wa bara aliyekuja kwa utumwa au kwa kazi za karafuu. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwagawa watu kwa makundi ya asili katika sensa na uwakilishi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula nao ulifuata makundi hayo, kwa hiyo jina la mtu lilikuwa na bei. Chama cha Waafrika kilianzishwa Zanzibar mwaka 1934, na Chama cha Washirazi kikaanzishwa Pemba mwaka 1939.

Vyama hivyo viwili viliungana tarehe 5 Februari 1957, kwa ushawishi wa Julius Nyerere wa TANU, kikazaliwa kilichokuja kuitwa Afro-Shirazi Party, ASP. Rais wake alikuwa Abeid Amani Karume, na Thabit Kombo kutoka upande wa Washirazi akawa katibu mkuu. Umoja haukuwa kamili. Mwaka 1959 viongozi kadhaa wa Kishirazi, wakiwamo Muhammad Shamte wa Pemba na Ameri Tajo, walijitoa na kuanzisha Zanzibar and Pemba People's Party, kilichoshirikiana na Zanzibar Nationalist Party. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na Shamte akawa waziri mkuu wa Zanzibar huru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali yake ilipinduliwa, na ASP ikashika dola. Washirazi walikuwa pande zote mbili za mapambano hayo. Wanaoeleza siasa za Zanzibar za miaka hiyo kama vita vya Waarabu na Waafrika pekee wanalificha kundi kubwa kuliko yote, ambalo kura zake ndizo zilizoamua kila uchaguzi.

Iran yenyewe iliendelea na mapokeo yake. Mwaka 1935 Reza Shah alizitaka nchi za nje zitumie jina Iran. Oktoba 1971 mwanawe, Mohammad Reza, aliwaalika wakuu wa mataifa Persepolis kuadhimisha miaka 2,500 ya ufalme ulioanzishwa na Koreshi, ingawa baba yake alikuwa askari aliyetwaa kiti katika miaka ya 1920. Mgeni mmoja mashuhuri alikuwa Haile Selassie wa Ethiopia, ambaye katiba ya nchi yake ya mwaka 1955 ilitamka kwamba ukoo wake unatokana na Mfalme Sulemani na Malkia wa Sheba. Wote wawili walisimama juu ya nasaba za kale kuliko kumbukumbu yoyote ya maandishi ya koo zao. Haile Selassie aliondolewa mwaka 1974, na Shah mwaka 1979.

Ushirazi wa Afrika Mashariki uliishi kuliko falme hizo kwa sababu haukutegemea kiti cha enzi. Ulibaki kuwa jina la vijiji, misikiti na koo, na watu wa Makunduchi, Tumbatu na Pemba bado wanalitumia. Katika siasa za chama muda wake ulikwisha kwa hiari. TANU na ASP ziliungana tarehe 5 Februari 1977 na kuwa Chama Cha Mapinduzi. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ASP ilikuwa ikitimiza miaka 20, na ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka katika matawi ya chama hicho, yakiwamo ya Singida Mjini, mamia ya kilomita kutoka baharini.